Vifaranga Walikufa Kwanza

Naandika habari hii kwa ruhusa ya mdogo wangu wa kike. Nilipomwomba alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Andika, kaka. Ila usitaje jina la baba wa mtoto." Kwa hiyo nitamwita shemeji, kama nilivyomwita siku zote za uhai wake.

Shemeji alikuwa seremala Njombe. Anayeijua Njombe ya Juni na Julai hahitaji kuelezwa habari ya baridi. Ndugu zetu wa pwani wakisikia kipupwe wanafikiria upepo wa kusi na usingizi mtamu. Kule milimani kipupwe ni vidole vinavyoshindwa kufunga kifungo cha shati asubuhi. Ukipanda zaidi, kuelekea Makete na uwanda wa Kitulo, kuna asubuhi unakuta umande umeganda juu ya nyasi, na shamba la viazi lililokuwa kijani jana limekuwa jeupe. Hita ya umeme inauzwa madukani, lakini ukiiacha ikiwaka usiku kucha unaamka tokeni zimekwisha. Mkaa unapatikana kila kona. Kuna mkaa wa miwati, mzito, unaokaa na moto mpaka karibu na alfajiri. Mtu mwenye mtoto mdogo na kipato cha kuungaunga atachagua nini? Mimi ningechagua mkaa. Niliwahi kuuchagua, kama nitakavyoeleza.

Mwaka aliofariki walikuwa wamehamia nyumba yao wenyewe. Shemeji alijenga kwa tofali za kuchoma, akaezeka bati, na kila kilichohusu mbao alikifanya kwa mikono yake. Aliziba nafasi zote kati ya ukuta na paa. Akapiga dari ya jipsamu, akaweka madirisha ya aluminiamu yenye vioo, akachonga mlango wa chumba cha kulala ukakaa kwenye fremu bila kuacha upenyo wa kupitisha hata karatasi. Tulipokwenda kuwapongeza alinifungulia na kunifungia mlango ule mara tatu ili nisikie unavyobana. Chini ya kizingiti, usiku, walikunja blanketi kuukuu wakalisukumia pale, baridi isipite.

Nataka msomaji aione nyumba hiyo vizuri, maana ndimo kosa lilimojificha. Bibi zetu walilala kando ya mafiga yenye moto na wakaamka. Hilo ni kweli, na ndilo tunalojibiwa kila tukionya. Lakini nyumba za bibi zetu zilipumua. Moshi ulipenya kwenye nyasi za paa usiku kucha, na hewa ikaingia kupitia mlango wa mabanzi. Walilipa kwa njia nyingine, kwa macho mekundu na vifua vibovu uzeeni, ila hewa ilikuwamo. Sisi tumerithi moto wao, tukauingiza katika nyumba isiyopumua.

Shemeji hakuwa mzembe. Kila jioni aliwasha jiko nje, kwenye kibaraza, akalipepea, akangoja moshi uishe kabisa na makaa yakolee yawe mekundu pande zote. Hapo ndipo alipoliingiza chumbani, akaweka juu yake sufuria ya maji. Utaratibu huo nami nilifundishwa nyumbani: mkaa mbichi ni hatari, mkaa uliokolea ni salama, na maji "yanakula sumu." Nilipokuwa kijana nimepanga chumba Mafinga, nililala na jiko namna hiyo misimu miwili mizima. Nilidhani niliamka salama kwa sababu nilifuata utaratibu. Leo najua niliamka kwa sababu bati la chumba kile lilikuwa limenyanyuka upande mmoja, na chini ya mlango paka aliweza kupita.

Moshi ni mlinzi. Unachoma macho, unakukohoza, unakufukuza chumbani. Makaa mekundu yasiyotoa moshi yamemwondoa mlinzi, mwizi akabaki. Mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Hii si ile hewa ukaa tunayoisikia katika habari za mabadiliko ya tabianchi. Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ukiivuta inaingia katika damu na kushika himoglobini, ile inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mapafu yanaendelea kupanda na kushuka, mtu anapumua kama kawaida, lakini damu yake imejaa mgeni asiyetoka kitini. Maji ya sufuria hayawezi kuinyonya. Majivu yakifunikwa juu ya makaa hayaizuii. Tangu mwaka 1857 Mfaransa Claude Bernard alikwisha kueleza kwamba sumu hii huua kwa kuifukuza oksijeni ndani ya damu. Maarifa haya yana umri wa zaidi ya miaka 160, na bado hayajafika kwenye vibaraza vyetu.

Sasa nieleze dalili, maana zilikuwapo, tena si moja.

Wiki ya kwanza ya kulala na jiko, shemeji aliamka na kichwa kinachogonga. Alikwenda karakana, na kufikia saa nne asubuhi kilikuwa kimepoa. Mdogo wangu naye aliamka miguu mizito, kichefuchefu kimemkaa kooni, mpaka jirani mmoja akamtania kwamba huenda kuna mgeni anakuja. Hakukuwa na mimba. Akifika sokoni na kukaa saa moja mbili kwenye upepo, hali ile iliondoka. Mtoto wao wa kiume, aliyekuwa na miaka sita, alitapika asubuhi mbili mfululizo. Wakampeleka zahanati, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, wakarudi na dawa ya homa. Watu watatu wanaolala chumba kimoja wanaumwa pamoja, wanapona pamoja wakitoka nje, wanaumwa tena wakilala. Nikiyaandika hivi leo yanapiga kelele. Siku ile kila ugonjwa ulikuwa na mwenyewe na jina lake: huyu mafua, huyu uchovu, huyu minyoo.

Jumamosi moja walikwenda msibani Makambako wakalala huko siku mbili. Hakuna aliyeumwa kichwa. Mdogo wangu anakumbuka kwamba alilitamka jambo hilo ndani ya basi wakirudi: "Huku nimelala vizuri." Shemeji akamjibu kwamba Makambako hakuna baridi kama ya kwao. Jibu lilitosha, na mazungumzo yakaenda kwingine.

Kisha vifaranga. Mdogo wangu alikuwa ameanza kufuga kuku wa kienyeji, na ametotolesha vifaranga 15. Baridi ya Julai inaua vifaranga, kila mfugaji wa huko anajua, kwa hiyo akawaweka katika boksi kwenye pembe ya chumba kile kile, wapate joto la jiko. Moto mmoja, kazi mbili. Asubuhi ya tatu aliwakuta saba wamekufa, wamelaliana. Asubuhi iliyofuata watano tena. Wakasema ni kideri. Lakini kuku wakubwa waliokuwa bandani nje, kwenye baridi, hawakuugua hata mmoja. Kideri gani hicho kinachoingia chumbani kikaruka banda?

Nimekuja kusoma baadaye kwamba wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka migodini na ndege wadogo aina ya kanari, kwa ushauri wa mwanasayansi John Scott Haldane aliyezichunguza hewa za migodini miaka ya 1890. Kiumbe mdogo hupumua haraka na damu yake huzunguka haraka, kwa hiyo sumu humwangusha kabla haijamwangusha mtu. Ndege akidondoka, watu wanapanda juu mbio. Kazi hiyo ya ndege iliendelea katika migodi ya Uingereza mpaka mwaka 1986. Niliposoma habari hiyo nilikifunga kitabu. Mdogo wangu alikuwa na ndege 15 wa namna hiyo chumbani kwake, na 12 walikuwa wamekwisha kumwambia.

Na palikuwa na mama mkwe wake. Bibi yule alilala chumba cha pili na alikataa jiko tangu siku ya kwanza. Hakuwa na elimu ya sumu. Alisema tu, "Moto ule unanibana kichwa," akaomba blanketi la ziada. Wakamwona mzee anayependa mambo yake. Bibi aliupa uzito mwili wake kuliko maelezo ya watu, na hilo peke yake lilimtosha.

Dalili ya mwisho ilinifikia mimi. Siku mbili kabla ya usiku wa msiba, mdogo wangu alinipigia simu jioni. Tuliongea habari za shamba la mzee, kisha akasema, "Kaka, sisi huku vichwa vinatuuma kila asubuhi, nyumba nzima." Nilikuwa na haraka. Nikamwambia ni baridi, wameze panadol na wavae kofia usiku. Sikuuliza wanalala na nini. Neno "nyumba nzima" lilipita sikioni kwangu kama gari barabarani. Ndugu msomaji, likikufikia neno hilo, kwamba watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, simama hapo hapo na uulize: kuna moto gani ndani?

Usiku wenyewe ulikuwa wa baridi kuliko siku zote. Waliongeza mkaa. Mdogo wangu anakumbuka kuamka katikati ya usiku na kumwona mumewe ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika kichwa. Alimwuliza kuna nini. Akajibu, "Tulale, kutakucha." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kwake.

Alfajiri bibi aliona kimya kimezidi. Mwanawe alikuwa na desturi ya kuamka mapema kupasha maji. Akagonga, akaita, akawaita majirani. Mlango ule mzuri, wenye kubana, uliwachukua muda kuuvunja. Shemeji walimkuta chini, hatua moja kutoka mlangoni, mkono umenyooshwa kuelekea komeo. Alikuwa amekwisha kufariki. Mdogo wangu na mtoto walikuwa kitandani, wanapumua kwa mbali.

Hatua ile moja imenisumbua sana. Daktari alinieleza kwamba sumu hii humnyang'anya mtu nguvu za miguu na uamuzi kabla ya kumnyang'anya fahamu, na anayejitahidi kusimama hutumia haraka oksijeni kidogo iliyobaki. Mtu anaweza kujua kwamba mambo si mazuri, akaamua kwenda kufungua, na asifike. Ndiyo maana wazo la "nikizidiwa nitafungua dirisha" halina msaada.

Wala si wanyonge na wasiosoma tu wanaonaswa. Émile Zola, mmoja wa waandishi wakubwa wa Ufaransa, alirudi nyumbani kwake Paris mwishoni mwa Septemba 1902 akakuta chumba kina ubaridi, ukawashwa moto wa makaa chumbani, na dohani ilikuwa imeziba. Usiku yeye na mkewe waliamka wakijisikia vibaya. Mke akataka kuwaita watumishi. Zola akamwambia asiwasumbue, mpaka kesho watakuwa wazima. Baadaye aliinuka, akaanguka, na asubuhi ya tarehe 29 alikutwa amekufa, ilhali mkewe kitandani alikuwa hai na akapona. Nilipoisoma habari hiyo niliisikia sauti ya shemeji: tulale, kutakucha. Na Februari 2021, baridi kali ilipokata umeme wa mamilioni ya watu katika jimbo la Texas, Marekani, watu waliingiza majiko ya kuchomea nyama sebuleni na wengine wakawasha magari ndani ya gereji wapate joto. Hospitali za Houston zikapokea mamia waliovuta sumu hiyo hiyo.

Hospitalini nilifika mchana. Muuguzi alikuwa amembana mdogo wangu kidoleni kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni, nacho kilionyesha 97. Nikashukuru. Daktari akanikatisha kwa upole: kifaa hicho hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi, zote kwake ni nyekundu. Wasingeambiwa na majirani kwamba wagonjwa walilala na jiko, wangeweza kupoteza muda wakitafuta ugonjwa mwingine. Mama na mtoto wakawekewa oksijeni kwa barakoa, saa nyingi. Katika hewa ya kawaida, sumu iliyo kwenye damu hupungua nusu baada ya saa nne au tano hivi. Kwa oksijeni tupu, ni kama saa moja na kidogo. Ndiyo sababu kumkimbiza mgonjwa hospitali ni bora kuliko kumlaza kivulini na kumnywesha maziwa, kama majirani walivyokuwa wameanza kufanya kwa nia njema. Maziwa yanakwenda tumboni. Sumu iko kwenye damu, na mtu asiye na fahamu anaweza kupaliwa na maziwa akafa. Ukiwakuta watu katika hali hiyo, vuta pumzi nje, ingia, fungua, waburute watoke, usikae humo kuwatingisha na kuwaita majina. Na ukifika hospitali neno la kwanza liwe: walilala na jiko.

Wiki kadhaa baadaye mdogo wangu alianza kusahau. Aliweka sufuria mekoni akasahau kwa nini, akaanza sentensi akaiacha katikati. Daktari alikuwa ametuonya kwamba hilo hutokea kwa baadhi ya walionusurika. Limepungua, halijaisha.

Najua kumwambia mtu aache jiko bila kumwambia atapataje joto ni kumwacha na baridi yake. Kwa hiyo nieleze wanachofanya sasa nyumbani kwa mdogo wangu, kwani gharama yake ni ndogo kuliko ya mkaa ule. Chakula cha jioni wanapika na kula pamoja jikoni, jengo la pembeni lenye dohani na dirisha wazi, wanaota moto hapo hapo mpaka saa ya kulala, na moto unabaki huko. Maji yanayochemka yanatiwa kwenye chupa za mpira zinazouzwa madukani, kila mtu na yake, inavishwa soksi nzito na kuwekwa miguuni chini ya blanketi nusu saa kabla ya kulala. Bibi hana imani na mpira. Yeye anapasha jiwe la mtoni kando ya moto, jiwe kavu kabisa maana lililolowa hupasuka, analifunga kwa kitambaa kinene, na jiwe lake hukaa na joto muda mrefu. Mchana madirisha yanayopata jua hufunguliwa, na saa kumi, jua likiwa bado linapiga, yanafungwa na mapazia mazito kushushwa. Godoro lililokuwa sakafuni limenyanyuliwa, na chini yake yamewekwa maboksi yaliyokunjuliwa na mkeka, kwa sababu sakafu ya saruji hunyonya joto la mwili kuliko hata hewa. Nguo zinavaliwa mbili tatu nyembamba kuliko moja nzito, pamoja na kofia ya sufu na soksi kavu ambazo hazikushinda miguuni. Blanketi la chini ya mlango bado lipo. Halina kosa lolote, mradi chumbani hamna moto.

Anayelazimika kuota moto ndani wakati wa jioni, mlango na dirisha vibaki wazi, na watu wawe macho. Ila sitaki mtu alale akiamini kwamba ufa wa dirisha umemkinga. Usiku upepo hugeuka, mtoto huamka akafunga, mkaa huongezwa. Usingizini, moto na mtu wasikae chumba kimoja. Hata makaa yanayoonekana yamekufa, yaliyofunikwa majivu, bado yanatoa ile sumu.

Mwezi wa sita mwaka huu nilikwenda kuwaona. Bibi alinipokea mlangoni, "Kamwene," akanishika mikono yote miwili. Mtoto sasa ana miaka kumi, ana mabega ya baba yake. Tulipomaliza kula na kuota moto, alinyanyuka bila kuambiwa, akalishika jiko kwa vitambaa viwili, akalitoa nje mpaka mwisho wa kibaraza, akalimwagia maji juu ya makaa mpaka yakaacha kulia. Akasimama hapo kidogo na tochi, akiangalia. Mama yake anasema maji yale yanapasua udongo wa ndani, kila msimu wanalazimika kununua jiko jingine. Hamkatazi.